Kijiko cha Shemeji

Kihara alikuja kumwona mgonjwa akiwa amevaa koti jeupe. Hilo ndilo lililomuudhi Wariara kwanza, kabla ya chupa, kabla ya simu, kabla ya maombi yasiyokwisha. Mtu aliyekuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni Rongai mpaka juzi, na kabla ya hapo sabuni ya kuondoa madoa iliyoondoa na rangi ya nguo, leo anaingia sebuleni kwa watu na koti la daktari lililopigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Kalamu za nini, mtu ambaye kuandika jina lake tu humtoa jasho?

Wariara hakuyasema hayo. Siku hizo hakuwa akisema lolote.

Kama ungemjua Wariara wa Mau Narok, ungejua lilikuwa pigo la namna gani. Kwa miaka mingi alikuwa dalali wa viazi, na mdomo wake ndio uliokuwa duka lake na mizani yake. Madereva wa malori walimwogopa. Mkulima akipanga viazi vizuri juu ya gunia na vilivyooza akavificha chini, Wariara aliinama, akanusa, kisha akamwambia maneno ambayo mke wa mkulima huyo angeyasikia sokoni kabla jua halijatua. Hakuwa mtu wa kupendwa sana. Alikuwa mtu wa kuaminiwa, na kwake hilo lilitosha. Mumewe, Mathenge, alipokuwa hai alizoea kusema kwamba akitaka kujua kitu kina thamani gani, anamtazama mkewe usoni tu.

Sasa kwenye shina la ulimi huo madaktari walikuwa wameona saratani, na kila siku ya kazi alipelekwa hospitali mjini Nakuru kuchomwa kwa mionzi. Alikuwa amehamia kwa binti yake, Wangare, huko Kiamunyi, ili asiwe mbali. Daktari aliwaambia wazi siku ya kwanza, yeye na wenzake waliokuwa wakianza pamoja. Mionzi itachoma ugonjwa, lakini mdomo nao utaungua. Vidonda vitatoka. Mate yatakauka, na kumeza uji kutakuwa kazi ya kutoa machozi. Mtatamani kuacha, akasema, na msiache. Mkikatiza, ugonjwa unapata nafasi ya kupumua, na ukishapumua hauna huruma. Vidonda vitapona vyenyewe mkishamaliza.

Wariara alimpenda daktari huyo kwa sababu hakuwapaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Aliamua papo hapo kwamba atafika mwisho, hata kama ni kwa kutambaa.

Aliyekaa karibu naye kwenye benchi siku hiyo alikuwa Akoth, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, muuza samaki wa kukaanga kutoka Kamere, kando ya Ziwa Naivasha. Yake ilikuwa kooni, na uvimbe ulikuwa umejitokeza shingoni. Alikuwa ameacha watoto wawili kwa dada yake, akaja kulala kwa binamu yake Kaptembwo mpaka matibabu yaishe. Mwanzoni Wariara hakumpenda. Akoth aliongea na kila mtu, aliamini kila kitu, alicheka mpaka bawabu akageuka. Lakini kukaa benchi moja na mtu kila asubuhi, nyote mkingojea kuchomwa, ni ukoo wa aina yake. Midomo ilipoanza kuuma wote wawili, Akoth alimpa mkono.

"Mama Wangare, tutamaliza sisi wote ama aje? Mmoja asiache mwingine hapa."

Wariara aliushika ule mkono, akaubana kwa nguvu. Wakati huo bado alikuwa na maneno. "Ukiniacha nitakufuata huko Kamere na kiboko," akasema, na Akoth akacheka huku ameshika shavu.

Baadaye vidonda vikaja kweli. Mdomo wa Wariara ukawa kama umepigwa msasa ndani, kisha ukamwagiwa pilipili. Ulimi ulivimba, midomo ikapasuka pembeni, na chakula chochote kisichokuwa uji mwepesi uliopoa kilikuwa adui. Akaacha kuongea. Na hapo ndipo wageni wakaanza kumiminika, kwani hakuna kitu kinachovuta washauri kama mgonjwa asiyeweza kuwajibu.

Walikuja na dawa za miti. Wanawake wa kanisa walileta supu ya mifupa iliyochemshwa na mizizi mpaka ikawa rangi ya lami, ya moto, yenye tangawizi. Tangawizi, kwenye vidonda! Jirani mmoja alileta majani ya mwarobaini akasema ayatafune, na alipoona Wariara anamkazia macho, akaongeza kwamba ayatafune taratibu. Mwingine alileta shubiri iliyokatwa shambani, bado ina miiba na mchanga. Na asali, kila mtu na asali yake, kila mmoja akiapa imetoka Baringo, hata ile ambayo ukiinamisha chupa unaona sukari imeganda chini kama simenti.

Wariara hakuwa na ugomvi na miti. Mama yake aliwatibu homa kwa mvuke wa majani, nao walipona, au angalau walikua. Hata Chepchumba, muuguzi wa kitengo cha mionzi, hakuikataa asali. Alimwambia asukutue kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi kidogo na magadi ya kupikia, mara nyingi kwa siku, na asali ajaribu tone ikiwa haimwashi, lakini kitu kingine chochote, aulize kwanza. Wariara alijaribu tone hilo. Siku nyingine ilituliza, siku nyingine iliwasha akaiacha. Hapakuwa na muujiza wowote ndani yake na hakuutafuta. Alichodharau ni ule uso wa mgeni anayeleta chupa, uso wa mtu ambaye tayari ameshajishukuru.

Lakini kuna desturi, na desturi haina dharau. Kwao, mgeni akimletea mgonjwa kitu, hakiwekwi kando. Mgonjwa anakipokea kwa mikono miwili na kukionja mgeni akiona, hata kidogo tu, kisha anaitikia kwa kichwa, na mgeni anarudi nyumbani moyo wake umetulia. Usipoonja umemwita mchawi. Na kama mgeni ni ndugu wa marehemu mume wako, usipoonja umeuita ukoo mzima mchawi. Wariara, ambaye angeweza kumfukuza dereva wa lori kwa jicho moja, hakuwahi hata mara moja kumvunjia heshima mtu wa nyumbani kwa Mathenge. Alionja, akaitikia, na mgeni akishatoka mlangoni alikwenda kutema kwenye sinki. Hivyo ndivyo alivyowapitisha wote.

Ndivyo alivyotaka kumpitisha Kihara pia.

Kihara, mdogo wake Mathenge, alikaa kwenye kochi akaliweka koti lake vizuri kama bwana harusi. Alitoa chupa iliyokuwa ya juisi. Sasa ilikuwa na maji meusi ndani na karatasi ya rangi nje, na kwenye karatasi hiyo picha ya Kihara mwenyewe akiwa ameshika tawi. Tawi lenyewe, Wariara aliona, lilikuwa la mkaratusi, ule wa kujengea vibanda.

"Shem," Kihara akasema, "hii ni mchanganyiko ya miti mingi, zingine siwezi taja hata majina. Hizo vidonda zitaisha. Lakini nikwambie ukweli, haichanganyiki na ule moto wa hospitali. Ukianza hii, unapumzisha moto kwanza."

"Uncle, hiyo haiwezekani," Wangare akasema kutoka jikoni. "Daktari amekataa kabisa asikose hata siku moja."

"Daktari gani? Hao ni biashara tu. Leta kijiko."

Mtu aliyebandika sura yake kwenye chupa alikuwa akiwaita wengine wafanyabiashara. Wariara alitamani kucheka, lakini kucheka nako kulipasua midomo.

Kihara akaomba. Aliombea mti na mizizi ya mti, akawaombea wasioamini, akapitia ukoo wote, na wakati amina inasemwa simu yake tayari ilikuwa mkononi, imeinuliwa.

"Ni ya watu wa nyumbani tu, shem. Wajue unaendelea poa."

Wariara alipokea kijiko kwa mikono miwili. Yale maji yaligusa ulimi na machozi yakamtoka papo hapo, kwa kuwa ndani mlikuwa na kitu kikali kama ndimu iliyochacha. Hakukunja uso. Alimtazama mdogo wa mumewe, akaitikia kwa kichwa, mara moja, kama alivyowaitikia wote. Kihara akatabasamu akazima simu. Alipoondoka, Wariara alikaa kwenye sinki muda mrefu akisukutua, na chupa Wangare akaimwaga nje chini ya mchongoma. Yakaisha, au ndivyo alivyodhani.

Wiki iliyofuata Akoth hakuja.

Siku ya kwanza Wariara alifikiri ni homa. Siku ya pili alimvuta Chepchumba mkono akaelekeza kidole kwenye nafasi tupu ya benchi. Chepchumba alitikisa kichwa.

"Tumempigia, Mama Wangare. Simu inalia tu. Binamu yake anasema alirudi nyumbani."

Wariara alimfanya Wangare apige pia, asubuhi na jioni. Hakuna. Moyo wake ulianza kumuuma kuliko mdomo. Alimwona yule daktari akisema neno lile, kupumua, na aliona uvimbe wa Akoth ukivuta hewa huko Kamere pole pole, bila mtu wa kuuzuia. Yeye mwenyewe aliendelea. Aliingia, akalala mezani, akachomwa, akatoka. Kila siku mdomo ulizidi kuharibika na kila siku benchi lilikuwa na nafasi ile ile.

Wiki zikapita hivyo. Kisha Alhamisi moja jioni Wangare aliingia chumbani na simu mkononi, uso umemshuka.

"Mum, kuna kitu lazima uone. Usikasirike na mimi."

Ilikuwa video ya Akoth. Amekaa mbele ya kibanda chake, amejifunga kitambaa shingoni, na mbele yake sahani ya samaki mzima wa kukaanga na ugali. Alikuwa anakula. Alikata kipande, akatia mdomoni, akatafuna, akameza, kisha akafungua mdomo kuonyesha. Nyuma ya kamera sauti ya Kihara ilisema haleluya.

"Mimi nilikuwa naogopa dawa za miti," Akoth akasema kwenye video. "Lakini kuna mama tulikuwa tunachomwa na yeye huko Nakuru, tunakaa benchi moja. Huyo mama hana mchezo. Huyo hata pasta akimdanganya anamwambia. Nikamwona kwa simu anakunywa hii dawa, analia, anakubali na kichwa. Nikasema, kama huyo amekubali, mimi ni nani nikatae? Nikaacha moto, nikaanza dawa. Na oneni sasa."

Wangare alijaribu kuichukua simu. Wariara hakuiachia. Alitaka kuiona ile video nyingine, ya kijiko, na alipoipata hakuamini macho yake. Ni yeye, na kijiko, na machozi, na chini yake maandishi makubwa mekundu: SHEMEJI WA DAKTARI KIHARA, MGONJWA WA SARATANI, APATA NAFUU KIJIKO CHA KWANZA. Muziki wa injili ulikuwa umewekwa juu. Kile kichwa chake kiliinama na kuinuka, na Kihara alikuwa ameirudia sehemu hiyo ikacheza tena na tena, kichwa kinainama, kinainuka, kama kuku anayekunywa maji.

Miaka yote ile sokoni hakuwahi kulipitisha gunia bovu. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Na lililomkera zaidi ni kwamba alijua jinsi ile dawa ilivyofanya kazi, mtoto wa darasa la kwanza angejua. Mdomo wa Akoth ulipona kwa sababu waliacha kuuchoma. Toa kiazi kwenye jivu la moto, kiweke kando, kitapoa, hata ukikitemea mate na kusema ni mate yaliyokipoza. Kihara hakuhitaji mti hata mmoja. Angeweza kuweka chai ya jana kwenye chupa.

Kwenye ukurasa huohuo Kihara alikuwa ameandika kwamba Jumamosi atakuwa Kamere na dawa ya kutosha. Wariara alimwonyesha Wangare kidole mahali palipoandikwa hivyo, kisha akaonyesha ufunguo wa gari.

Waliondoka mapema. Njia nzima, kupita Gilgil mpaka mahema ya plastiki ya mashamba ya maua yakaanza kung'aa, Wariara alikuwa akipanga tusi. Daktari alimwambia asitumie sauti, na kusema kweli haikuwepo ya kutumia. Alikuwa na maneno machache tu ya kutoa, labda matatu, labda manne, kisha koo lingefunga. Kwa hiyo alichagua kwa makini, kama mtu anayechagua mbegu. Alitaka neno ambalo Kihara angezeeka nalo. Alipata moja, la Kikuyu, alilowahi kulisikia likisemwa mara moja tu katika maisha yake, na aliyeambiwa alihama kijiji.

Mkutano ulikuwa uwanjani karibu na vibanda vya samaki. Vijana wawili walikuwa wameweka spika, na watu wengi kuliko alivyotarajia walikuwa wamesimama, wengi bado wamevaa gumboots za shamba la maua. Baadhi walikuja na wagonjwa wao. Mzee mmoja alikuwa ameshikwa mikono na mabinti wawili. Kihara alikuwa mbele, koti jeupe, kipaza sauti. Alipomwona Wariara akitoka kwenye gari alishtuka kidogo tu, kama mtu aliyekanyaga msumari akajitia hamnazo.

"Haleluya! Shemeji yangu mwenyewe! Mama wa video! Ametoka Nakuru kuja kushuhudia! Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Wakampisha njia. Wariara alitembea mpaka mbele, mdogo mdogo, Wangare amemshika kiwiko. Hakugusa kipaza sauti alichopewa. Aligeukia watu, akafungua mdomo.

Aliufungua kadiri ulivyoweza kufunguka. Midomo ikapasuka, damu ikamtiririka kidevuni, na hakuufunga. Waliokuwa mbele walikuwa wa kwanza kuona. Mama mmoja akasema, "Yesu!" Kijana akawasha tochi ya simu kumulika, na wengine wakasogea, wakachungulia mmoja mmoja: ulimi uliovimba, utando mweupe, nyama mbichi pembeni. Wariara alisimama akaonyesha, kushoto, kulia, kama mtu anayefungua gunia mpaka chini. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua alijisikia ni yeye. Alidhani amemaliza kazi.

Lakini Kihara hajawahi kukosa la kusema, na huyo ndiye Kihara mzima, hana kingine alichojaliwa.

"Mmeona?" akanguruma. "Mmeona moto wa hospitali? Huyu ni shemeji yangu, nampenda, lakini alikuwa mkaidi! Nilimwambia aache moto, akachanganya! Sasa muone yule alinisikiza. Akoth! Akoth, kuja hapa mama. Fungua mdomo."

Akoth alitoka kati ya watu. Hakumtazama Wariara. Alifungua mdomo, na tochi zikahamia kwake, na mdomo wake ulikuwa mzuri, wa waridi, safi, mdomo wa mtoto. Watu wakapiga yowe la furaha. Midomo miwili kando kwa kando, mmoja unavuja damu na mwingine unang'aa, nani angechagua vibaya? Walianza kupanga mstari. Wale mabinti wawili walimsogeza mzee wao mbele. Chupa zikaanza kutoka kwenye katoni.

Wariara aliona wazi kwamba ushahidi wote ulikuwa upande wa mwongo. Aliwadharau, wote, kwa macho yao na kwa haraka yao, na alijua wakati huohuo kwamba angekuwa yeye hajui, naye angekuwa kwenye mstari.

Kihara alikuwa hatua chache tu kutoka kwake. Lile neno lilikuwa tayari. Alivuta pumzi. Ndipo akaona kwamba Akoth, kwenye jua lile, bado amejifunga kitambaa shingoni, na kwamba ameinua bega la upande mmoja kama mtu anayeficha kitu. Wariara akampita Kihara. Alimsogelea Akoth mpaka vipaji vya nyuso vikakaribia kugusana.

"Nilikunywa kwa adabu," akasema.

Sauti ilitoka kama kitu kinachoburutwa juu ya kokoto. Akoth alikunja uso. "Aje?"

"Adabu tu. Nikatema."

Hayo ndiyo maneno yaliyokuwemo, na yakaisha. Aliingiza vidole chini ya kile kitambaa. Hakuhitaji kutafuta. Uvimbe ulikuwa pale, mgumu, mkubwa kuliko alivyoukumbuka, umeshuka mpaka karibu na bega. Akoth hakuuondoa mkono wake. Macho yalimjaa.

"Najua," akasema, kwa sauti ambayo spika ziliimeza karibu yote. "Si ati sijui. Yeye anasema ni sumu inatoka. Nami nikajiambia ni sumu." Akajifuta na mgongo wa mkono. "Mama Wangare, nilikuwa na njaa. Nilikuwa nakunywa uji nikilia, na watoto wamesimama hapo wananiangalia. Nikakuona wewe unakubali. Nilikula samaki na watoto wangu, unaskia? Mwezi mzima, kila jioni."

Wariara alitafuta dharau yake na hakuipata. Alimshika Akoth mkono, na wakaondoka kuelekea kwenye gari. Nyuma yao Kihara alikuwa akiwaambia watu wasisukumane, dawa ni ya kutosha.

Akoth alilala kwa Wangare mpaka Jumatatu. Hospitalini Chepchumba hakumgombeza hata kidogo, na hilo lilimtisha Wariara kuliko makaripio. Alimwambia tu avue kitambaa na mkufu, akamwingiza ndani. Wariara alikaa kwenye benchi. Kando yake kijana aliyekuwa ameanza matibabu wiki hiyo alimtazama, akatazama simu yake, akamtazama tena.

"Mathe, si ni wewe wa ile video? Hiyo dawa naweza ipata wapi?"

Wariara alimfungulia mdomo. Kijana alitazama, akaizima simu.

Mlango wa chumba cha mionzi ulikuwa haujafungwa vizuri. Wagonjwa wa kichwa na shingo kila mmoja hutengenezewa kifuniko chake, cha plastiki ngumu yenye matundu, kilichokandwa kikiwa laini juu ya uso na shingo mpaka kikachukua umbo lake yeye peke yake. Huwekwa juu ya mgonjwa, kikafungwa kwenye meza huku na huku, ili asitikisike mionzi ikija. Kila asubuhi Wariara alikuwa akiisikia sauti ya vifungo hivyo ikiwa zamu ya mwingine, upande mmoja, kisha wa pili. Sasa alisikia upande mmoja. Alingoja.

"Teremsha bega kidogo, mum," Chepchumba akasema ndani. "Pole. Tujaribu tena. Vuta pumzi, sasa toa."

Upande wa kwanza ulifunga tena. Wa pili haukufunga. Mtu alisema kitu kwa sauti ya chini, na kitu kikawekwa mezani.

Baada ya muda Chepchumba alitoka. Alikuwa ameshika kile kifuniko kwa mikono yake miwili, uso mtupu wa Akoth, umefumba macho, na alikuwa akikitazama mahali pa shingo kana kwamba kosa ni la plastiki.

"Haiingii tena," akasema. "Daktari itabidi apime upya kila kitu, kama bado atakubali kuanza. Huyu amekuja na nani? Nahitaji mtu wa kuongea naye."

Wangare alisimama kujibu. Wariara akamrudisha chini kwa mkono.

"Mimi," akasema, na benchi zima likamsikia.